Bata wa Bwawani Si Kitoweo cha Bure

Mvua za vuli zikiisha kujaza mabwawa yetu, bata wa porini huja. Asubuhi mkulima ateremkapo kunywesha ng'ombe huwakuta wakielea kundi zima, na kijana wake aliye nyuma huwatazama na kuona kitoweo. Simlaumu. Nyama dukani ni ghali, na bata yule hana alama ya mwenyewe wala hakulishwa na mtu. Huonekana kama kitu cha bure.

Mengi ya mabwawa haya hatukuyachimba sisi. Yalichimbwa na Wazungu waliokuwa na mashamba makubwa, ili mifugo yao ipate maji wakati wa kiangazi. Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba yale yalikatwa vipande na kupewa wananchi kwa mkopo, lakini bwawa halikatiki vipande. Lilibaki pale pale, na maji yaliyokuwa ya mtu mmoja yakawa ya jamaa wengi. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu lote nitakalosema linategemea hilo.

Swali langu mwezi huu ni hili: kijana anayetaka kuanza kuwinda bata katika bwawa au kijito cha skimu, aanzie wapi? Jawabu langu nalitoa mapema: asianze. Lakini jawabu lisilo na sababu ni amri tu, na watu wazima hawapendi kuamriwa kama watoto wa darasa la kwanza. Basi nitaeleza sababu moja moja, na hoja za wanaonipinga nitazitaja pia, kwa maana nyingine ni za haki.

BATA HAWA NI AKINA NANI?

Kabla ya kusema juu ya kuua kitu yafaa tukijue. Bata wa mabwawa yetu ni wa namna mbili, wenyeji na wageni.

Wenyeji hukaa Kenya mwaka mzima. Huko nyanda za juu, tangu Kinangop mpaka Ol Kalou, anayeonekana sana ni yule wa rangi ya kijivu mwenye mdomo wa manjano. Yuko mwingine mdogo kuliko huyo, mwenye mdomo mwekundu na mashavu meupe. Yuko bata bukini mkubwa wa kahawia, mwenye doa jeusi-jeusi kuzunguka jicho, ambaye hutembea wawili wawili na kupiga kelele nyingi. Na kwenye mashamba ya mpunga, katika nchi za joto, yuko mwenye uso mweupe ambaye sauti yake ni kama mtu apigaye mbinja.

Bata wa mdomo wa manjano hutaga chini, katika nyasi ndefu karibu na maji. Jike hulalia mayai peke yake na kuwalea vifaranga peke yake, kwani dume huenda zake. Mtu akimwua jike huyo kwa ajili ya sufuria moja, ameua na watoto wote waliokuwa nyuma yake majanini, ambao hata hakuwaona.

Wageni ni hadithi nyingine. Hawa huzaliwa Ulaya na Urusi. Baridi ya huko ikianza hupanda angani na kuja kwetu, wakafika tangu Oktoba hivi, na mwezi wa Machi au Aprili hurudi kwao kutaga. Yuko mmoja mdogo ambaye dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho. Yuko mwenye mkia mrefu uliochongoka. Yuko mwenye mdomo mpana kama koleo, ambaye huchuja matope kama mama apepetaye mtama. Ndege hawa husafiri maelfu ya kilomita, na kabla ya kuondoka hula sana ili wapate mafuta ya safari. Kwa hiyo bata mnono unayemwona mwezi wa Februari amejaza mafuta hayo ili afike kwao, akalee watoto ambao mwakani watakuja hapa.

Bata wa namna hii hana mwenye nchi mmoja. Ndiyo sababu nchi za Afrika na Ulaya na nyinginezo zimefanya mapatano ya kuwalinda ndege wa majini wanaohama, na Kenya iliingia katika mapatano hayo mwaka 2001. Bwawa lako dogo ni nyumba ya wageni katika njia ndefu.

"MBONA MAREKANI WANAWINDA?"

Watu huniuliza: "Bwana karani, mbona Marekani watu hupiga bata kila mwaka, na bata hawaishi?" Swali ni zuri, na nitalijibu kwa kuonyesha jinsi mtu anayeanza kuwinda anavyofanya huko. Maana wengi husikia kwamba wanapiga, lakini hawasikii jinsi wanavyopiga.

Kwanza katika majimbo mengi kijana hukaa darasani akafundishwa kushika bunduki bila kuua mtu, akapata cheti. Kisha hununua leseni ya jimbo lake. Kisha, akiwa na umri wa miaka 16 au zaidi, hununua stempu ya bata ya Serikali kuu, kwa bei ya dola 25. Stempu hiyo ilianza mwaka 1934, wakati ukame na pupa ya wawindaji zilipokuwa zimewapunguza bata sana. Fedha zake hutumiwa kununua na kutunza nchi za majimaji ambamo bata huzaliana, na mpaka sasa zimelinda zaidi ya ekari milioni 6. Wakulima wa skimu wanajua ekari milioni moja ni nchi kubwa namna gani. Hiyo ni mara sita yake, na waliolipa ni wawindaji.

Pili, hawindi siku apendayo. Tangu mwaka 1955 bata huhesabiwa kila mwaka kwa ndege za angani na kwa watu wa chini, na hesabu hiyo husaidia kuamua msimu utafunguliwa siku ngapi. Katika majimbo mengi mtu huruhusiwa bata 6 kwa siku, na ndani ya hao 6 aina nyingine hazizidi mmoja au wawili. Kwa hiyo kabla ya kufyatua ni lazima ajue ni bata wa aina gani, tena akiruka, tena alfajiri. Saa pia zina mpaka: nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi jua kutua. Bunduki haina ruhusa ya kubeba risasi zaidi ya 3.

Tatu, risasi yenyewe. Zamani vijipande vya risasi vilikuwa vya madini ya risasi yenyewe. Vilivyokosa ndege vilianguka matopeni, bata wakavimeza kama vichanga vya firigisi, wakafa kwa sumu polepole. Tangu mwaka 1991 ni marufuku nchi nzima ya Marekani kupigia bata risasi za namna hiyo, na watu hutumia chuma au madini mengine yasiyo na sumu.

Na kwenye kijito kidogo je? Hapo ndipo anayeanza hufundishwa adabu. Humwomba mwenye shamba ruhusa. Husimama mbali na kutazama kwa darubini mahali bata walipokaa, labda kwenye kona ya maji. Huzunguka mbali na ukingo, akaja ameinama nyuma ya mwinuko, bila kelele. Hapigi ndege aliyekaa majini, maana vijipande vikigonga maji huruka pembeni na kuweza kumpata mtu au ng'ombe. Hungoja waruke. Hapigi aliye mbali kupita mita 35 hivi, kwa kuwa atamjeruhi tu, akafie majanini bila faida. Akimpata mmoja huweka alama kwa macho alipoangukia, akamtafuta mpaka amwone, kwani sheria hairuhusu kumwacha hivi hivi.

Ukiyajumlisha mambo hayo utaona kwamba kazi ya bunduki ni ndogo. Sehemu kubwa ni kujua, kuhesabu na kujizuia. Siku nyingi kijana yule hurudi nyumbani mikono mitupu, na ada amelipa. Mimi sisemi tuige desturi hiyo. Nasema kwamba anayetaja Marekani ili apate ruhusa, ataje na gharama yake.

SHERIA YETU, NA MALALAMIKO YA HAKI

Hapa kwetu njia ni nyingine. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kwa mchezo. Upigaji wa ndege kwa leseni haukukoma siku ile ile. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imesema waziwazi kwamba kuwinda kwa mchezo ni kosa, kuwinda kwa kitoweo ni kosa, na kuwinda ili kuuza nyama ni kosa. Neno wanyamapori katika sheria hiyo linachukua ndege pia. Mtego wa uzi na wavu wa usiku vimo ndani ya makosa hayo sawasawa na bunduki. Ziko shughuli maalumu ambazo Serikali yaweza kuzitolea kibali, lakini kutafuta mboga ya jioni si mojawapo.

Sasa nasikia mzee mmoja akisema: "Mzungu alipiga bata katika bwawa hili, akala na wageni wake. Leo bwawa ni letu, mnatwambia tusiguse. Haki iko wapi?"

Malalamiko haya siyapuuzi. Ni kweli kwamba wakati wa ukoloni mwenye bunduki na leseni aliitwa mwindaji, na Mwafrika mwenye mtego aliitwa mwizi wa wanyama. Wote wawili walitaka nyama ile ile, lakini mmoja alikuwa na fedha za leseni na mwingine hakuwa nazo. Hiyo haikuwa haki, na anayeikumbuka kwa uchungu ana sababu.

Lakini tutazame vizuri. Sheria ya leo haimwachi tajiri apige na kumkataza maskini. Inawakataza wote. Tena dhuluma ya zamani haiponywi kwa kuifanya upya. Mzungu yule alikuwa mmoja juu ya bwawa moja na mamia ya ekari. Sisi tuko jamaa wengi juu ya bwawa hilo hilo. Kila nyumba ikitwaa bata wawili tu kwa juma, mwezi mmoja hautaisha kabla bwawa halijawa tupu, na hapo hakuna aliyekula vya kutosha. Kilichokuwa kidogo kwa mmoja ni kingi mno kwa wengi.

TAMAA MBELE, MAUTI NYUMA

Sababu ninayoiogopa kuliko zote haihusu bata. Inahusu watu.

Kijana wa skimu hana bunduki, na kuwa nayo bila leseni ni kosa kubwa peke yake. Manati hukosa. Mtego hukamata mmoja kwa usiku. Basi anayeanza na kutaka wengi kwa haraka huonyeshwa njia ya mkato, nayo ni dawa ya shamba.

Kijana mmoja alifika kwenye dirisha la ofisi yetu akaniuliza jina la dawa ya kuua bata.

Nikamwuliza, "Bata wamekula nini chako?"

Akajibu, "Hawajala kitu, bwana karani. Nataka kuwala mimi."

Nikamwambia, "Dawa ikiingia ndani ya bata, na bata akiingia ndani yako, dawa imekwenda wapi?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Nilifurahi kwamba aliuliza. Wengi hawaulizi.

Jambo hili si la kubuni. Huko Bunyala, katika kaunti ya Busia, ambako kuna skimu ya mpunga, Wakenya wanaohifadhi ndege walipeleleza miaka ya 2009 na 2010 wakaona namna watu walivyotega kwa sumu. Walichanganya mpunga na dawa ya punje iitwayo kabofurani, ambayo ilitengenezwa kwa kuua wadudu wa udongoni. Kwa korongo walao konokono, waliitia sumu ndani ya konokono. Tena waliwafunga ndege wazima miguu pale majini ili wenzao wakiwaona wadhani pana usalama, wateremke. Ndege waliokufa waliuzwa kwa watu kama nyama ya kula.

Kabofurani ina ukali ambao yafaa kila mkulima aujue. Punje moja yatosha kuua ndege mdogo. Marekani ilianza kuizuia dawa hiyo ya punje katika miaka ya 1990, kwa sababu ya ndege wengi waliokufa mashambani. Kwetu, mwaka 2009, baada ya habari za simba kuuawa kwa dawa hiyo, kampuni iliyoitengeneza ilisema itaiondoa madukani Kenya na kuinunua tena. Lakini ziko dawa nyingine zenye nguvu kama hiyo, na kopo la zamani laweza kubaki ghalani miaka mingi.

Sumu za namna hiyo hushika mishipa ya fahamu. Mtu hutokwa na jasho na mate mengi, macho yakaona ukungu, tumbo likasokota, misuli ikatetemeka, na ikizidi pumzi hukatika. Wako wanaodhani kwamba ukitupa matumbo ya ndege nyama yake huwa safi. Hayo ni makosa. Sumu iliyomwua ilipita katika damu yake, na damu huenda kila mahali. Wala moto wa jiko si wa kuaminiwa kuimaliza.

Tena mtegaji hawezi kuichagulia sumu njia. Punje zilizobaki ukingoni huliwa na kuku wa jirani. Mbwa hula mzoga akafa. Mvua huja ikakokota masalio mpaka ndani ya bwawa, na asubuhi mama aliye upande wa pili huchota maji ya uji. Huyo hakula bata wala hakujua habari yake. Ndiyo maana nilianza kwa kusema kwamba bwawa halikatiki vipande. Mtu hawezi kutia sumu katika sehemu yake peke yake.

Ukiona ndege wengi wamekufa karibu na maji, usiwaguse kwa mikono wala usiwape mbwa. Zuia watoto na ng'ombe, kisha peleka habari upesi kwa chifu, kwa daktari wa mifugo na kwa Shirika la Wanyamapori. Mtu akionyesha dalili nilizozitaja, mpeleke hospitali mara moja. Ukipata kopo la dawa, lifungie vizuri ulichukue ili daktari asome jina lake.

MKULIMA ALIYELIWA MIMEA

Yuko mwenye lalamiko jingine, naye pia ana haki ya kusikilizwa. Ni mkulima wa mpunga wa Mwea au Ahero ambaye bata humshukia usiku wakala mbegu aliyoitia kitaluni, au mkulima wa ngano wa nyanda za juu ambaye bata bukini humla miche kama kondoo. Huyu hatafuti kitoweo. Anatetea shamba lake.

Namshauri mambo ambayo hayatamwingiza kortini. Bata wa usiku hupenda maji yaliyosimama. Basi mbegu ikiisha kutiwa kitaluni, punguza maji ya juu na uache udongo uwe na unyevu tu mpaka miche ishike. Kitalu kiwe karibu na nyumba, au kifunikwe kwa matawi au wavu. Funga kamba juu yake zenye vipande vinavyong'aa na kulialia kwa upepo. Sanamu ya kutisha ndege ihamishwe kila siku mbili, kwani bata si mjinga. Akiiona mahali pamoja kwa juma zima hukaa kando yake. Tena pandeni pamoja na majirani kwa siku zilizo karibu. Shamba lililochelewa peke yake ndilo huliwa na ndege wa nchi nzima.

Kazi hii inachosha, sikatai. Lakini ni ya majuma machache, na ikiisha maji yako yangali salama.

ANAYETAKA NYAMA YA BATA AFUGE BATA

Nisiwe mtu wa kukataza tu bila kuonyesha njia. Kijana anayetaka nyama ya bata aweza kuwa nayo mwaka mzima, kwa halali.

Atafute majike 4 au 5 na dume 1 kutoka kwa mfugaji mwenye ndege wazima. Bata wa kawaida wengi hawana moyo wa kulalia, basi mayai yawekwe chini ya kuku aliyetamia. Huanguliwa baada ya siku 28. Bata wale wenye nyama nyekundu usoni huchukua siku 35, na majike yao hulalia vizuri wenyewe. Kuku mmoja hawezi kufunika mayai ya bata mengi kama yake mwenyewe, kwa hiyo apewe machache. Vifaranga wakae pakavu na penye joto juma la kwanza, maana wakilelewa na kuku hawana mafuta ya mama ya kuzuia maji, wakilowa hufa kwa baridi.

Wala bata hahitaji bwawa ili anone. Beseni ambalo aweza kutia kichwa chote na kusafisha macho na pua latosha. Tena naonya: usiwaachie bata wako waende kuogelea na wa porini. Ndege wa porini waweza kuleta homa ya mafua ya ndege, ambayo huua kuku na bata wa kufugwa na kwa nadra humpata mtu. Kila mmoja akae kwake: wa porini bwawani, na wako ndani ya ua.

Na kijana ambaye moyo wake hautafuti nyama, ila anapenda ule ufundi wa kunyemelea? Huyu ndiye ninayempenda zaidi, kwa maana ana macho. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika maziwa ya Bonde la Ufa, na kazi hiyo inataka watu wanaojua kuinama nyuma ya mwinuko na kumtambua ndege kwa mdomo wake na kwa namna arukavyo. Aanze na bwawa la kwao. Achukue daftari la mtoto wa shule, aandike tarehe, aina na idadi, mara moja kila mwezi. Baada ya miaka 2 atajua mambo ya bwawa lile ambayo hata ofisi yetu haiyajui: wageni walifika lini, maji yalipungua lini, na ni mwezi gani ndege walikosekana. Ndege wakitoweka ghafla, mara nyingi maji yana taabu, na watumiao maji hayo yafaa wajue mapema.

SHAURI LANGU KWA KAMATI ZA MABWAWA

Nawaomba wanakamati mtakapokutana mpatane juu ya mambo manne, na kuyaandika. Asiwepo mtu wa kuoshea bomba la dawa bwawani wala kutupa makopo ukingoni. Ng'ombe wanywe kwenye birika lililowekwa chini ya bwawa, wasikanyage kingo. Upande mmoja wa matete uachwe bila kufyekwa wala kuchomwa, ili ndege watage na udongo usiporomoke. Na yeyote atakayeonekana akitega kwa sumu, aletwe mbele ya chifu siku hiyo hiyo, awe mtoto wa nani.

Jambo la nne ni gumu, nalijua. Mtoto wa jirani ni mtoto wetu, na hakuna apendaye kuitwa mchongezi. Lakini anayetia sumu majini hakumwuliza jirani yake kama anakubali kuyanywa.